Nyasi za Sisibo

Kaunti ya Uasin Gishu ina jina la ng'ombe. Wamaasai waliokuwa wakichunga kwenye uwanda huu waliitwa Ilwuasin-kishu, na jina hilo hufasiriwa kuwa watu wa ng'ombe wenye mistari. Mji wake mkuu ulianza kama namba tu. Kabla ya kuitwa Eldoret uliitwa 64, kwa kuwa posta yake ilijengwa katika shamba nambari 64 kwenye ramani ya wapima ardhi wa serikali ya kikoloni. Mpaka leo ukimsikia mzee wa Kikalenjin akisema anakwenda Sisibo, ujue anakwenda Eldoret; amelichukua tamko la Kiingereza la namba hiyo na kulipitisha kwenye ulimi wake.

Ng'ombe alitangulia, namba ikafuata, na tangu namba ilipokuja nyasi za hapa hazijatulia. Zimelimwa, zikapandwa miti, zikarudishwa, zikalimwa tena, na sasa zinajengewa nyumba za kupangisha. Kila mara ukitafuta aliyeamua, unamkuta mtu wa mbali ambaye pengine hakujua kwamba Eldoret ipo: mpiga kinanda, mtengenezaji wa viatu, mwoka mikate, mnunuzi wa siagi dukani London. Yeye alitaka kitu, bei ikapanda, na huku kwetu mtu akashika jembe.

Wa kwanza kuacha alama walikuwa wafugaji wanaokumbukwa kwa jina la Wasirikwa. Pande za Moiben na Sergoit, na kwingineko kwenye nyanda za juu za magharibi, yapo mashimo ya duara yaliyochimbwa kwenye miteremko, mengine yakiwa yamezungushiwa mawe. Zamani watu walidhani ni makaburi, au visima, au mahandaki ya vita. Wachimbaji wa mambo ya kale wakaonyesha kwamba yalikuwa mazizi. Ng'ombe waliingizwa usiku kupitia mlango mwembamba upande wa chini, na samadi ilipojaa ikakwanguliwa na kutupwa nje, hata shimo likazidi kuzama na kichuguu cha samadi kikakua mlangoni. Mengi yalitumika kati ya miaka ya 1200 na 1700 hivi. Kwa hiyo yapata karne tano watu waliishi hapa kwa maziwa na nyama, na nyasi zikabaki nyasi.

Baada yao wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, na katika karne ya 19 vita kati ya Wamaasai wenyewe, kisha na Wanandi, vikawavunja na kuwatawanya. Joseph Thomson alipovuka uwanda huu mwaka 1883 akitoka Baringo, aliona nchi ya nyasi isiyo na watu. Hakuwa peke yake wala hakuwa wa kwanza kutoka pwani. Katika msafara wake alikuwamo Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua bara vizuri kuliko yeye. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikikata njia kutoka Baringo kwenda kwa Sundu, panapoitwa sasa Mumias, kutafuta pembe za ndovu. Pembe hizo zilishuka pwani, zikavuka hadi Unguja, kisha zikaenda Ulaya na Marekani kutengenezwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Hiyo ndiyo kamba ya kwanza kuunganisha uwanda huu na sebule za watu wa mbali. Ndovu ndiye aliyelipa. Ng'ombe bado hakuguswa.

Aliguswa miaka saba baadaye. Sotoka iliingia barani kupitia Massawa, pwani ya Eritrea, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa na meli kulisha jeshi la Waitalia. Ugonjwa haukujua mipaka. Kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umefika huku na kufyeka mazizi, na nyuma yake ikaja njaa na ndui. Nasisitiza jambo hili kwa sababu Wazungu waliokuja muongo mmoja baadaye waliandika kwamba wameikuta nchi tupu, kana kwamba Mungu aliiweka kando kwa ajili yao. Ilikuwa tupu kama nyumba ambayo wenyewe wametoka msibani. Na hata hivyo haikuwa tupu kabisa. Wanandi na Wakeiyo wana neno kaptich, yaani malisho ya mbali ambako vijana huhamia na mifugo huku familia zikibaki nyumbani. Asiyejua maana ya kaptich akipita wakati ng'ombe wako kwingine, ataapa kwamba hakuna mwenyewe.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wanandi, wakiongozwa na Orkoiyot, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, walikuwa wamepigana na Waingereza tangu 1895, waking'oa nyaya za simu na kushambulia misafara. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Kampeni ya kijeshi iliyofuata iliua Wanandi zaidi ya elfu moja na kuteka ng'ombe wapatao 16,000, mbali na mbuzi na kondoo. Tazama hesabu hiyo kwa jicho la mfugaji. Ardhi ilichukuliwa baadaye kwa karatasi, lakini ng'ombe walichukuliwa kwanza, na mtu asiye na ng'ombe hana la kudai malishoni.

Wakati huohuo nyasi hizi zilikuwa zikinadiwa Ulaya. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza kulipatia vuguvugu la Kizayuni eneo la maili mraba 5,000 kwenye uwanda wa Uasin Gishu liwe makao ya Wayahudi waliokuwa wakikimbia mauaji huko Urusi. Historia inaliita pendekezo la Uganda, ingawa sehemu hii ilikuwa imeshahamishwa kutoka Uganda na kuunganishwa na Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Wajumbe watatu walikuja mwanzoni mwa 1905, wakazunguka, wakarudi wakiwa hawakubaliani, na mkutano wa Basel mwaka huohuo ukaikataa zawadi hiyo. Hakuna aliyemwuliza Mnandi.

Walioipokea walikuwa Makaburu. Baada ya kushindwa na Waingereza katika vita vya Afrika Kusini, baadhi yao walitafuta nchi mpya ya kuchungia na kulima. Mwaka 1908 Jansen van Rensburg aliongoza kundi la zaidi ya watu 200 kutoka Afrika Kusini. Walisafiri kwa meli ya Windhuk hadi Mombasa, kwa treni hadi Nakuru, kisha kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakipanda mlima wenye matope na misitu ya mianzi. Mwezi Oktoba walifika Sergoit. Walikuwa wafugaji, na walichokifuata ni nyasi. Lakini maksai wao wakaanza kufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe ambao wenyeji walikuwa wakiukwepa kwa kuhamahama, na deni la benki halingoji ndama akue. Posta ilifunguliwa 1910 na jina la Eldoret likapitishwa 1912, kutokana na neno la Kimaasai linalohusu mto wa mawe, yaani Sosiani. Husimuliwa kwamba benki ya kwanza ilijengwa kuzunguka sanduku la fedha lililoanguka kutoka kwenye gari la ng'ombe likawa zito mno kuinuliwa. Sijui kama kuna mji mwingine ambao benki yake ilichaguliwa mahali na uzito. Lakini hadithi hiyo inasema kweli kuhusu Eldoret: mkopo ulifika kabla ya barabara.

Mkopo ulitaka zao la kuuzwa nje. La kwanza kupandisha watu wazimu lilikuwa kitani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mabawa ya ndege yalivalishwa kitambaa cha kitani, na mapinduzi ya Urusi yakakata njia ya muuzaji mkubwa kuliko wote. Bei ikaruka. Askari wastaafu waliogawiwa mashamba mwaka 1919, mengine yakiwa yamekatwa kutoka hifadhi ya Wanandi yenyewe, walifika Uasin Gishu wakiwa na ndoto ya kitani. Wakapasua nyasi, wakapanda, wakajenga vinu. Bei ikaporomoka kati ya 1920 na 1921. Wengi walifilisika kabla ya kujifunza majina ya mito ya mashamba yao, na ardhi iliyopasuliwa ikabaki wazi ikinyeshewa.

Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, ikipanda hadi Timboroa, mahindi yakachukua nafasi. Njia ile ilipindishwa makusudi kupitia mashamba ya walowezi badala ya kufuata njia fupi ya kwenda Uganda kupitia Mumias, na nauli ya mahindi ya kusafirisha nje ikashushwa ili yaweze kushindana. Chama cha wakulima, KFA, kilikuwa kimeundwa 1923 kuyauza. Na yalikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda Ulaya kutengenezwa wanga na kulishwa mifugo. Hapo pana kichekesho ambacho hakikuchekesha mtu wakati huo: ng'ombe wa Wanandi waliondolewa kwenye nyasi ili yapandwe mahindi ya kumlisha ng'ombe wa Mzungu kwao. Dunia ilipoanguka kiuchumi mwaka 1929 bei ya gunia ikashuka chini ya gharama ya kulilima, nzige wakaja juu yake, na walowezi waliokuwa wakiwacheka wafugaji kwa kutegemea mvua wakajikuta wakitegemea serikali.

Ng'ombe wa Mwafrika hakuwa ameondoka kabisa. Mlowezi alikuwa na ekari elfu kadhaa na hakuwa na fedha za kulipa vibarua, basi akawaruhusu Wanandi na Wakeiyo waingie na mifugo yao wachunge kwenye nyasi ambazo hajalima, nao wamfanyie kazi. Kwa mfugaji ulikuwa ujira uliolipwa kwa nyasi, na hakuona ubaya. Wengi waliamini wamerudi tu kaptich. Sheria za maskwota za 1918, 1925 na 1937 zilizidi kubana: siku za kazi zikaongezwa, idadi ya mifugo ikapunguzwa, na mwisho halmashauri za walowezi zikapewa mamlaka ya kuamua ng'ombe wangapi wabaki. Katika Bonde la Ufa operesheni za kuwaondoa ng'ombe hao ziliitwa kifagio. Neno hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili.

Kulikuwa na silaha nyingine, karantini. Kila sotoka au homa ya mapafu ilipozuka, ng'ombe wa hifadhi walizuiwa kuvuka mpaka kwenda sokoni, na mara nyingi kizuizi kilidumu kuliko ugonjwa. Mwaka 1923 Wanandi walikuwa hawawezi kuuza ng'ombe, huku kodi na kazi za lazima zikiongezeka. Katika mwaka huohuo walijiandaa kwa saget ab eito, sherehe ya kuchinja fahali ambapo rika moja hukabidhi madaraka kwa jingine. Serikali ilihofu kwamba ni maandalizi ya vita, ikaipiga marufuku na kumkamata Orkoiyot Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Aliachiliwa mwaka 1964, baada ya uhuru, akiwa amezuiliwa kwa takriban miaka 40. Wanaoandika kuhusu ukulima wa Uasin Gishu huacha habari hii kwenye vitabu vya siasa. Mimi naiweka hapa, kwenye bei ya ng'ombe, kwa sababu ndiko ilikoanzia.

Walowezi nao walikuwa wamegundua kwamba nyasi zaweza kuleta fedha bila kulimwa, mradi maziwa yawe siagi. Shirika la maziwa la KCC liliundwa 1925 huko Naivasha, na baadaye likawa na kiwanda Eldoret. Maziwa yenyewe hayasafiri, lakini malai husafiri. Mkulima alikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyotenganisha malai. Malai yakatiwa kwenye mikebe na kupelekwa stesheni, na maziwa yaliyobaki yakapewa nguruwe na ndama. Siagi ikaenda London. Jirani, ng'ambo ya mpaka wa hifadhi, mama wa Kinandi alikuwa akisugua ndani ya sotet, kibuyu chake, kwa makaa ya mti wa senetwet, akimimina maziwa na kuyaacha yagande yawe mursik. Haya mawili yaliendelea bega kwa bega, moja likiandikwa kwenye leja na jingine likinywewa nyumbani, na serikali ilihesabu la kwanza peke yake.

Kisha muwati. Mti huu asili yake ni Australia, ulipitia Natal, na magome yake yana tanini ya kutengenezea ngozi. Viatu vya jeshi, mikanda ya mashine, tandiko la farasi, vyote vilihitaji tanini. Kampuni ya Forestal, iliyokuwa imetajirika kwa mti wa quebracho huko Argentina na iliyojua kwamba mti huo hukua polepole mno kuliko unavyokatwa, ilikuja Afrika kutafuta mti wa haraka. Kampuni yake tanzu, EATEC, ikajenga kiwanda Eldoret na kufunika mashamba makubwa kwa muwati, na baadaye yote yakaingia mikononi mwa kampuni ya Lonrho. Waliokulia Eldoret wanaikumbuka harufu ya magome yanayochemshwa. Fikiria mzunguko wake: malisho yakageuzwa msitu ili ngozi ya ng'ombe wa nchi nyingine ipate kulainishwa. Plastiki na kemikali za viwandani zilipoingia, mahitaji yakafifia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ardhi hiyo ikaanza kuuzwa vipande vipande. Miti ikawa kuni na nguzo. Ng'ombe hawakurudi wengi, mahindi yaliwahi.

Lakini narudi nyuma kidogo, kwa kuwa katikati ya karne ilitokea jambo ambalo huwa linanifurahisha. Vita vya Pili vilipozuka serikali ilihitaji chakula cha majeshi. Sheria ya 1942 iliwahakikishia walowezi mapato kwa kila ekari ya ngano na mahindi, na hata ikawalipa kwa kuvunja ardhi mpya. Maana yake walilipwa kung'oa nyasi. Walizing'oa kwa bidii, na baada ya vita udongo wa mashamba yaliyolimwa zao moja mwaka nenda mwaka rudi ulikuwa umechoka. Ripoti ya Troup ya 1953 kuhusu uchumi wa mashamba ya walowezi ikashauri yale ambayo mfugaji yeyote angewaambia bure: pumzisheni shamba kwenye nyasi, wekeni ng'ombe, kisha mlime. Ila nyasi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo ikabidi zitafutwe mbegu. Watafiti wa Kitale wakaanza kukusanya majani ya porini na kuyachagua, na mwaka 1956 ikaanzishwa Kenya Seed Company, huko huko Kitale, kwa kazi ya kuzalisha mbegu za malisho.

Majani hayo yalisafiri mbali kuliko watu wa hapa. Jani moja lililochukuliwa Nandi lilipelekwa Australia na linapandwa huko kwa jina la Nandi, likilisha ng'ombe wa Queensland ambao nyama yao huuzwa ng'ambo. Majani ya Kikuyu, yanayomea yenyewe kando ya kila barabara ya Eldoret na ambayo mkulima huyachukia kwa kuwa hayang'oki, ni malisho ya thamani New Zealand na Hawaii. Na jani tunaloliita Boma Rhodes, asili yake Afrika, lina jina la Cecil Rhodes kwa kuwa aliwahi kulipanda kwenye shamba lake la Cape Town. Jani la Afrika lenye jina la Mzungu wa Cape, mbegu yake ikichaguliwa Kitale. Nyasi zetu nazo zina historia ya biashara, isipokuwa kwamba hazikulipwa.

Halafu kampuni ya mbegu za nyasi ikabadili mwelekeo. Mwaka 1964 mahindi chotara ya H611, yaliyotokana na utafiti wa Kitale, yakaanza kuuzwa, na mavuno yakapanda kwa kiasi ambacho watu hawakuwahi kuona. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja kabla. Makaburu wengi walifunga mizigo wakarudi kusini. Mashamba yao yalinunuliwa na serikali kwa mpango wa makazi wa ekari milioni moja, na mengine na makampuni ya kununua ardhi ambamo watu wa makabila mbalimbali walichanga hisa. Shamba la mtu mmoja likawa la watu mia tatu. Penye ekari elfu mbili za malisho na ngano, kila mwanahisa akapata ekari tano, kumi, ishirini, na mtu mwenye ekari tano mwenye mbegu chotara hahitaji kushauriwa. Akalima hadi ukutani. Hesabu hiyo ilizaa chakula kingi cha taifa. Ilizaa pia swali la nani mwenyeji na nani mgeni, swali lililoulizwa kwa moto zaidi ya mara moja, la kutisha kuliko yote likiwa Kiambaa tarehe 1 Januari 2008, watu walipoteketea ndani ya kanisa.

Aliyebaki na ng'ombe alibaki na ng'ombe wa gredi, wawili au watatu, Friesian au Ayrshire, na KCC. Miaka ya 1980 ilikuwa mizuri: kulikuwa na maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bure shuleni tangu 1979, na mkulima alipeleka mkebe asubuhi akijua mwisho wa mwezi kuna cheki. Baadaye cheki zikachelewa, zikakosa kabisa. Mwaka 1992 biashara ya maziwa ikafunguliwa kwa kila mtu, KCC ikaporomoka, ikauzwa mwaka 2000, na serikali ikaichukua tena 2003 kwa jina la New KCC. Katikati ya hapo wakulima walijifunza kuuza kwa wachuuzi wa baiskeli, na wengine wakauza ng'ombe wakakodisha malisho kwa mwenye trekta. Ukitafuta ni lini nyasi za Uasin Gishu zilipungua katika enzi ya uhuru, usitazame sera ya ardhi peke yake. Tazama pia miezi ambayo maziwa hayakulipwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza ushuru wa asilimia 60 kwa maziwa yanayotoka nje ya jumuiya, kuzuia maziwa ya unga ya bei chee kutoka nchi zinazofuga kwa ruzuku. Ukuta huo haumzuii Mganda, naye ni mwanajumuiya. Huko Mbarara, Uganda, ng'ombe hula nyasi mwaka mzima bila vyakula vya gunia, na maziwa yao huzalishwa kwa gharama ndogo. Mwanzoni mwa 2020 bei ya lita kwa mkulima wa Kenya ilikuwa imeshuka hata chini ya shilingi 20 mahali pengi, maziwa ya Uganda yakakamatwa, mabalozi wakaandikiana, na serikali ikaiamuru New KCC inunue kwa shilingi 33. Mkulima wa Kesses alimlaumu Mganda. Kwa maoni yangu kosa la Mganda ni moja tu: hakuzilima nyasi zake zote.

Mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Kenya hula ngano nyingi kuliko inayolima, na sehemu kubwa hutoka ng'ambo, ikiwemo kutoka nchi hizo mbili. Chapati ikapanda bei. Ungedhani wakulima wa ngano wa Moiben na Ziwa walifurahi, lakini mbolea nayo ilipanda hadi zaidi ya shilingi 6,000 kwa mfuko wa kilo 50, kabla ya serikali mpya ya Kenya kuishusha kwa ruzuku hadi 3,500, kisha 2,500. Wengi walikaa chini wakapiga hesabu upya, na hesabu ikawarudisha kwa ng'ombe. Ila si kwenye malisho. Ekari ya mahindi ikikatwa mbichi, ikasagwa na kushindiliwa shimoni kuwa sileji, hulisha ng'ombe wengi kuliko ekari ya nyasi. Kwa hiyo mahindi yaliyomfukuza ng'ombe yamemrudia kama chakula, naye amefungwa zizini, akila anapoletewa. Wengine wamepanda avokado, hasa tangu China ilipofungua mlango kwa avokado mbichi za Kenya mwaka 2022, na baadhi wamejaribu kahawa.

Mshindani mkali kuliko wote hauzi ng'ambo chochote, ingawa fedha zake hutoka huko. Wanariadha wa hapa wakishinda Boston, Berlin au Tokyo hurudi na dola, na dola hukimbilia ardhi. Tangu Kipchoge Keino anunue shamba lake karibu na mji, kukimbia na kununua ardhi vimekuwa kazi moja yenye hatua mbili. Baadhi hununua ng'ombe, na uwanja wa ndege uliofunguliwa 1997 ndipo wanapopokewa kwa mursik kwenye sotet. Wengi hujenga. Eldoret ilipewa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na Kimumu, Kapseret na Annex, ambako ng'ombe walichungwa na watu walio hai bado, sasa hupimwa kwa ploti, moja ya nane ya ekari. Maziwa ya sherehe ya uwanjani yanazidi kutoka mbali.

Hivyo nyasi zenyewe zimekuwa bidhaa. Kenya Seed bado huuza mbegu ya Boma Rhodes, kazi iliyoanzishiwa mwaka 1956, na wapo wakulima walioacha mahindi kabisa wakapanda jani hilo, wakalikausha, wakalifunga. Ukipita barabara ya Iten kiangazi utayaona marobota yamepangwa kwenye malori yakielekea kaunti zenye ukame. Simama uulize bei ya robota moja, kisha uulize shamba lile lilipandwa nini miaka kumi iliyopita.